Kipi Kianze? Mwongozo wa Kupanga Mfuatano wa Matibabu ya Saratani ya Titi

Maswali ya watu waliopokea majibu ya saratani ya titi hivi karibuni yanafanana mno. Mmoja anauliza kwa nini mwenzake aliyekaa naye benchi moja alifanyiwa upasuaji upesi, ilhali yeye ameambiwa aanze na dripu za miezi kadhaa. Mwingine anauliza kama kuuacha uvimbe mwilini wakati wa kemotherapi si sawa na kuupa nafasi ya kusambaa. Wa tatu, ambaye mara nyingi ni ndugu wa mgonjwa, anataka uvimbe utolewe kesho asubuhi na mengine yajadiliwe baadaye.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mgonjwa na anayemsindikiza. Hauchukui nafasi ya daktari. Utakuwezesha kuingia katika chumba cha daktari ukijua ni uamuzi gani unafanyika siku hiyo, unategemea majibu gani, na uulize nini iwapo majibu hayo hayapo mezani. Shika jambo moja tangu mwanzo: sehemu nyingi za matibabu haya zinaweza kusogezwa mbele au nyuma kidogo, lakini upasuaji ukishafanyika haurudi nyuma. Uvimbe ukishatolewa, hakuna tena njia ya kutazama kama dawa zinaufanyia kazi, na kwa baadhi ya aina za saratani taarifa hiyo ndiyo inayoamua dawa za mwaka mzima unaofuata. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo inahusu yale yanayopaswa kujulikana kabla ya kisu.

Yaliyoandikwa hapa yanawahusu wanaume pia, kwani nao hupata saratani ya titi, ingawa kwa uchache, na mfuatano wa matibabu yao hauna tofauti kubwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Kusanya vitu vifuatavyo katika faili moja, na usikubali kuambiwa kwa mdomo tu kile kilichoandikwa kwenye karatasi:

- Nakala ya ripoti ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara, ya kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe, pamoja na majibu ya vipokezi vya estrojeni na vipokezi vya projesteroni (sehemu za seli zinazopokea homoni hizo), na ya HER2 (protini ya seli inayoweza kuchochea saratani kukua).
- Majibu ya mamografia na ultrasaundi ya matiti yote mawili na makwapa yote mawili, hata kama uvimbe uko upande mmoja.
- Orodha ya magonjwa mengine uliyo nayo na dawa unazomeza, hasa za moyo, shinikizo la damu, kisukari na ini.
- Maelezo ya ndugu wa damu waliowahi kuugua saratani ya titi, ya ovari au ya kongosho, na umri waliougua.
- Tarehe ya hedhi yako ya mwisho, na jibu la wazi, hata kama ni la faragha, kuhusu kama bado unatamani kuzaa.
- Daftari, na mtu mmoja mtulivu wa kukaa nawe wakati daktari anazungumza, kwa kuwa anayepokea habari nzito husikia nusu tu ya maneno.

Kukusanya haya kunaweza kuchukua wiki mbili au tatu, na kwa wagonjwa wengi muda huo hauharibu kitu. Isipokuwa titi limevimba na kuwa jekundu kwa ghafla, ngozi yake ikafanana na ganda la chungwa, au kidonda kinatoa damu. Hapo omba kuonwa ndani ya siku chache.

1. Hakikisha kinyama kimechukuliwa kabla ya upasuaji

Kinyama huchukuliwa kwa sindano nene, chini ya ganzi, mara nyingi kwa kuongozwa na ultrasaundi. Sindano hiyo hutoa vijiti vyembamba vya nyama ambavyo humwezesha mtaalamu wa patholojia kuona kama saratani imeshavunja kuta za mirija ya maziwa au bado imo ndani yake. Sindano nyembamba inayofyonza seli peke yake haiwezi kueleza hilo, na majibu yake hayatoshi kupanga matibabu ya titi.

Kinyama kinapaswa kuingia kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, ndani ya saa 1 baada ya kutolewa, na kikae humo kwa muda usiopungua saa 6 wala kuzidi saa 72. Kikikauka au kikichelewa, vipimo vya vipokezi vinaweza kutoa majibu ya uongo, na mpango mzima ukajengwa juu ya uongo huo. Ikiwa umekabidhiwa chupa uipeleke maabara mwenyewe, angalia kwamba nyama imezama yote kwenye dawa, jina lako limeandikwa, na saa ya kuchukuliwa imeandikwa, kisha uipeleke siku hiyo hiyo.

*Onyo:* Kauli ya "tuutoe kwanza, kisha tupime tujue ni nini" ndiyo inayoharibu mipango mingi kuliko nyingine yoyote. Uvimbe unaotolewa bila kujulikana hutolewa bila nafasi ya kutosha pembeni, kwapa halishughulikiwi, na mgonjwa hulazimika kurudi mezani mara ya pili. Ukiambiwa hivyo, uliza kwa heshima kwa nini sindano haiwezi kutangulia.

2. Soma ripoti mstari kwa mstari

Chukua mfano wa ripoti iliyoandikwa hivi: saratani vamizi ya mirija, daraja la 2, ER asilimia 90, PR asilimia 40, HER2 1+, Ki-67 asilimia 15. Neno "vamizi" linamaanisha kwamba saratani imetoka nje ya mrija. Daraja, ambalo ni kuanzia 1 hadi 3, linaeleza jinsi seli zilivyoharibika sura na kasi yake ya kugawanyika; usilichanganye na hatua ya ugonjwa, ambayo inaeleza ulipofika. Mtu anaweza kuwa na daraja la 3 katika hatua ya kwanza, na hilo si kosa la uchapaji.

ER na PR ni vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni. Asilimia 1 na kuendelea huhesabiwa kuwa chanya, lakini iliyo kati ya 1 na 10 ni chanya hafifu, na saratani ya namna hiyo mara nyingi huwa na tabia ya zile zisizo na kipokezi kabisa, kwa hiyo ijadiliwe peke yake. HER2 ya 0 au 1+ ni hasi, ya 3+ ni chanya, na ya 2+ haijaamuliwa mpaka kifanyike kipimo cha jeni kiitwacho ISH. Ki-67 inakadiria ni seli ngapi ziko katika harakati za kugawanyika. Ichukuliwe kama ushahidi wa ziada, kwani maabara mbili zinaweza kusoma kinyama kimoja na kutoa tarakimu tofauti.

Mwenye ripoti ya mfano wetu ana saratani inayolishwa na homoni na isiyo na HER2. ER, PR na HER2 vyote vikiwa hasi, huitwa saratani hasi-tatu.

3. Jua ugonjwa umefika wapi

Mambo matatu hupimwa: ukubwa wa uvimbe, hali ya tezi za kwapani, na kama kuna dalili mahali pengine mwilini. Uvimbe usiozidi sentimita 2 ni T1, wa zaidi ya 2 hadi 5 ni T2, wa zaidi ya 5 ni T3, na uliovamia ngozi au ukuta wa kifua ni T4 bila kujali ukubwa. Tezi ya kwapani inayoonekana nene au yenye umbo la kutilia shaka kwenye ultrasaundi ichomwe sindano kabla ya tiba yoyote kuanza, kwa sababu dawa zinaweza kuisafisha, na baadaye hakuna atakayejua kwa hakika kwamba ilikuwa na saratani.

Si kila mtu anahitaji picha za CT za kifua na tumbo na uchunguzi wa mifupa. Hizo zinafaa pale ugonjwa ulipoenea kwapani au ulipo mkubwa, au pale mgonjwa anapokuwa na maumivu ya mifupa yasiyoisha, kikohozi kisichoeleweka, au vipimo vya ini visivyo sawa. Kwa uvimbe mdogo usio na dalili nyingine, picha hizo huzaa wasiwasi na vipimo vya nyongeza kuliko faida.

4. Tambua uko kundi gani, kisha amua kipi kianze

Hapa ndipo uamuzi wenyewe ulipo. Pitia makundi haya kwa mpangilio niliouweka, na usimame kwenye la kwanza linalokufaa.

*Ugonjwa umeshafika viungo vya mbali, yaani hatua ya nne.* Dawa zinazofika mwili mzima hutangulia, na aina yake hutegemea vipokezi. Kuondoa titi hakurefushi maisha katika hali hii; majaribio ya kitabibu yaliyofanyika India na Marekani yameonyesha hivyo, jambo ambalo familia nyingi hulipokea kwa shida. Upasuaji au mionzi hutumika kutuliza kidonda, damu au maumivu. Kama uvimbe wa mbali unafikika, ni vyema nao uchukuliwe kinyama, maana vipokezi vyake vinaweza kutofautiana na vya titini.

*Titi limevimba lote na kuwa jekundu, au uvimbe umeshika ngozi au kifua, au tezi za kwapani zimegandamana.* Dawa kwanza, kisha upasuaji, kisha mionzi. Saratani ya titi ya uvimbe-mwako, yaani hiyo inayolivimbisha titi lote na kulifanya jekundu, haianziwi na kisu kwa vyovyote vile, kwa kuwa seli zake zimetapakaa kwenye mishipa ya limfu ya ngozi na kingo za jeraha zitabaki na ugonjwa.

*HER2 chanya au hasi-tatu, na uvimbe unazidi sentimita 2 au kwapa lina saratani.* Dawa kwanza, hata kama daktari wa upasuaji anaweza kuutoa uvimbe leo. Kundi hili ndilo linalobishaniwa zaidi na wagonjwa, kwa hiyo nitalieleza kwa urefu kidogo.

Hofu ya kwamba kuchelewesha upasuaji kunasambaza ugonjwa ilipimwa zamani. Utafiti wa Marekani uitwao NSABP B-18, ulioanza mwaka 1988 na kuhusisha wanawake zaidi ya 1,500, uliwagawa wagonjwa nusu kwa nusu: wengine wakapata kemotherapi kabla ya upasuaji, wengine dawa zile zile baada ya upasuaji. Muda wa kuishi haukutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba waliotanguliza dawa waliweza zaidi kubaki na titi lao. Miaka iliyofuata ikaongeza sababu nyingine yenye uzito zaidi. Uvimbe unapoachwa mahali pake wakati wa dawa, siku ya upasuaji unatoa jibu: ama umeyeyuka wote, ama umebaki. Aliyebaki na saratani hubadilishiwa dawa. Kwa wenye HER2, utafiti wa KATHERINE ulionyesha kwamba kuwabadilishia kutoka trastuzumabu, dawa inayolenga HER2, kwenda kwenye trastuzumabu emtansini, ambayo ni dawa hiyo iliyounganishwa na kemotherapi, kulipunguza hatari ya ugonjwa kurudi au kifo kwa takriban nusu. Kwa hasi-tatu, utafiti wa CREATE-X wa mwaka 2017 ulionyesha faida ya vidonge vya kapesitabini. Aliyeanza na upasuaji hana jibu hilo, na hakuna namna ya kulipata tena.

*HER2 chanya au hasi-tatu, lakini uvimbe hauzidi sentimita 2 na kwapa ni safi.* Upasuaji unaweza kutangulia. Kwa HER2 chanya mdogo, kinachofuata mara nyingi ni kemotherapi ya paklitakseli ya kila wiki kwa wiki 12 pamoja na trastuzumabu inayoendelea hadi mwaka 1 utimie. Kadiri uvimbe unavyokaribia sentimita 2, ndivyo inavyofaa kuuliza kama dawa zitangulie.

*Vipokezi vya homoni chanya na HER2 hasi.* Ikiwa uvimbe unatoka vizuri, upasuaji hutangulia kwa wengi. Saratani ya aina hii hupungua kidogo kwa kemotherapi, na ile ya vijitezi vya maziwa hupungua kwa uchache hata kuliko hapo. Isitoshe, wapo wengi katika kundi hili ambao hawahitaji kemotherapi kabisa, na ripoti kamili ya uvimbe uliotolewa ndiyo inayowatambua. Dawa hutangulizwa pale uvimbe ulipo mkubwa kulinganisha na titi na mgonjwa anataka titi libaki, au kwapa limejaa ugonjwa. Kwa aliyekoma hedhi na asiyeweza kemotherapi, vidonge vya homoni, yaani vinavyozuia homoni kuilisha saratani, vinaweza kutangulia kwa miezi 4 hadi 6 au zaidi.

*Saratani iliyo ndani ya mirija tu, hatua ya sifuri.* Upasuaji, kisha mionzi ikiwa titi limebaki, na pengine vidonge vya homoni. Kemotherapi haina nafasi hapa.

5. Maliza haya kabla ya dripu ya kwanza

Ukishaamua kwamba dawa zinatangulia, kuna mambo ambayo hayawezi kufanywa vizuri baada ya dripu ya kwanza. La kwanza ni alama ya chuma inayowekwa ndani ya uvimbe kwa sindano, ndogo kuliko punje ya mchele. Ikiwa dawa zitauyeyusha uvimbe wote, na hilo ndilo tunalolitaka, daktari wa upasuaji atafuata alama hiyo kujua akate wapi. Bila alama, mgonjwa aliyeitikia dawa vizuri kuliko wote anaweza kuishia kuondolewa titi lote kwa sababu tu mahali pa uvimbe hapajulikani. Tezi ya kwapani iliyothibitika kuwa na saratani nayo iwekewe alama.

Pili, moyo upimwe kwa echo kama utapewa trastuzumabu au dawa za kundi la doksorubisini. Tatu, pima homa ya ini ya B na virusi vya UKIMWI, kwani kemotherapi inaweza kuamsha homa ya ini iliyolala. Dawa ya kuizuia ipo. Nne, pima mimba. Tano, kama unatamani kuzaa, onana na mtaalamu wa uzazi sasa: kuvuna mayai huchukua takriban wiki 2, na sindano ya goserelini ya kulinda ovari inapaswa kuchomwa angalau wiki 1 kabla ya kemotherapi. Sita, kama una historia ya kifamilia, umri mdogo au saratani hasi-tatu, omba kipimo cha jeni za BRCA1 na BRCA2, ambacho majibu yake yanaweza kubadilisha aina ya upasuaji na pia kukupa nafasi ya dawa ya olaparibu baadaye.

6. Dawa zikitangulia, zimalize zote

Mipango hutofautiana, lakini mingi huchukua kati ya miezi 4 na 6. Hasi-tatu ya hatua ya pili au ya tatu inaweza kuongezewa pembrolizumabu, dawa ya kuamsha kinga ya mwili, na HER2 chanya huongezewa trastuzumabu na pertuzumabu. Uvimbe upimwe kwa mkono kila mzunguko, na kwa ultrasaundi walau katikati ya mpango.

*Onyo:* Mgonjwa anayeona uvimbe umetoweka baada ya dripu ya pili hushawishika kuacha, au kuomba upasuaji ufanyike sasa. Uvimbe usioshikika kwa vidole unaweza kuwa bado upo kwenye darubini. Mizunguko iliyopangwa imalizike kabla ya kisu, isipokuwa ugonjwa unaongezeka au mwili umeshindwa kabisa.

Omba tarehe ya upasuaji mapema, dripu zikiwa zimebaki mbili. Upasuaji ufanyike wiki 3 hadi 6 baada ya dripu ya mwisho, na usipite wiki 8.

7. Upasuaji

Kuondoa titi lote hakuongezi uhai kuliko kuondoa uvimbe na kufuatishia mionzi. Utafiti wa NSABP B-06 uliwafuatilia wanawake kwa miaka 20, na majibu yake yaliyochapishwa mwaka 2002 hayakuonyesha tofauti ya kuishi. Yalionyesha pia kwamba saratani ilirudi kwenye titi lile lile kwa asilimia 39 ya waliotolewa uvimbe bila mionzi, dhidi ya asilimia 14 ya waliopata mionzi. Kwa hiyo kabla ya kuchagua kubaki na titi, uliza kama utaweza kuhudhuria mionzi. Kama jibu ni hapana, chaguo linabadilika.

8. Soma ripoti ya pili kabla ya kukubali kinachofuata

Ripoti ya baada ya upasuaji ina mambo manne ya kutafuta: kama kingo za nyama iliyotolewa ni safi, ni tezi ngapi zilitolewa na ngapi zina saratani, kama kuna ugonjwa uliobaki baada ya dawa, na kama vipokezi vimebadilika.

Kama ulianza na dawa, jibu la hapa ndilo lililofanya zitangulie. Usiruhusu faili lako liende moja kwa moja kwenye mionzi au vidonge bila mtu kusema wazi: ugonjwa umebaki au haukubaki, na kwa hiyo dawa inayofuata ni hii.

Kama ulianza na upasuaji na unahitaji kemotherapi, hiyo ndiyo inayofuata, kwa kawaida ndani ya wiki 4 hadi 6, jeraha likishapona. Siku 90 zisipite. Kwa wenye vipokezi vya homoni chanya na HER2 hasi, kipimo cha jeni 21 za uvimbe kinaweza kuamua kama kemotherapi inahitajika. Utafiti wa TAILORx wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanawake wenye zaidi ya miaka 50, kwapa safi na alama zisizozidi 25 hawapati faida ya kuiongeza. Pale kipimo hicho kisipopatikana, daraja, ukubwa, idadi ya tezi na Ki-67 hutumika kukadiria, na makadirio hayo si ya kudharauliwa.

9. Mionzi

Mionzi huja baada ya kemotherapi, kwa kawaida wiki 3 hadi 6 tangu dripu ya mwisho au tangu upasuaji, kutegemea kipi kilimalizia. Aliyeondolewa titi lote naye huhitaji mionzi ikiwa tezi 4 au zaidi zilikuwa na saratani, au uvimbe ulizidi sentimita 5, au ulishika ngozi au kifua. Kwa tezi 1 hadi 3 jambo hujadiliwa. Ikiwa dawa zilitangulia, uamuzi hutazama hali ya ugonjwa kabla ya dawa pia, na hapo ndipo vipimo vya sehemu ya 3 ya mwongozo huu vinapolipa. Trastuzumabu inaweza kuendelea wakati wa mionzi.

10. Vidonge vya homoni na dawa za muda mrefu

Tamoksifeni haichanganywi na kemotherapi. Utafiti wa SWOG 8814, uliochapishwa mwaka 2009, uliunga mkono kuianza kemotherapi ikiisha. Vidonge hivi humezwa kwa miaka 5 hadi 10, na kwa waliokoma hedhi hutumika zaidi kundi la letrozoli. Wenye hatari kubwa, hasa waliokutwa na tezi nyingi zenye saratani, wanaweza kuongezewa vidonge vya abemasiklibu kwa miaka 2. Trastuzumabu hukamilishwa mwaka 1, na echo ya moyo hurudiwa takriban kila miezi 3.

Mambo yakienda kombo

*Upasuaji umeshafanyika na vipokezi havikupimwa.* Huhitaji kukatwa tena. Maabara huhifadhi nyama iliyogandishwa kwenye nta. Omba kipimo kifanyike hapo au upewe kipande hicho ukipeleke kwingine. Usianze dawa yoyote ya miaka kwa kubahatisha.

*HER2 imeandikwa 2+ na hakuna kipimo cha jeni.* Majibu hayajakamilika. Kinyama kile kile kinatosha kwa ISH.

*Uvimbe unaongezeka katikati ya dripu.* Ripoti mara moja, usisubiri miadi. Ultrasaundi ithibitishe, kisha dawa zibadilishwe au upasuaji ufanyike mapema kuliko ilivyopangwa.

*Kingo za upasuaji zina saratani.* Kwa kawaida hurudiwa kukatwa kabla ya mionzi. Mionzi haichukui nafasi ya kingo safi.

*Damu imeshuka na dripu imeahirishwa.* Kuahirisha wiki moja hakuvunji mpango. Kuruka mzunguko kimya kimya kunauvunja. Homa ya nyuzi 38 au zaidi wakati wa kemotherapi ni dharura hata usiku wa manane.

*Foleni ya mionzi ni ndefu.* Mwenye vipokezi vya homoni chanya anaweza kuanza vidonge wakati akingoja, kwa idhini ya daktari. Mwenye hasi-tatu hana kinga hiyo, na ndiye anayepaswa kutafutiwa kituo kingine haraka.

*Una mimba.* Upasuaji unawezekana, na baadhi ya kemotherapi inaweza kutolewa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Mionzi, trastuzumabu na tamoksifeni husubiri mpaka mtoto azaliwe.

*Madaktari wawili wanatofautiana.* Muulize kila mmoja swali moja: ni jibu gani la kipimo lingekufanya ubadili mfuatano huu? Mara nyingi utagundua kwamba mmoja wao hakuwa na karatasi ambayo mwingine anayo. Omba faili lako lijadiliwe na daktari wa upasuaji, wa dawa, wa mionzi na wa patholojia wakiwa pamoja, na uchukue nakala ya walichokiandika.

*Uliacha matibabu katikati.* Rudi, ukiwa na kadi inayoonyesha dripu ya mwisho ilikuwa lini na ya dawa gani. Uvimbe na kwapa vitapimwa upya kabla ya chochote kuendelea, kwani kundi ulilokuwamo huenda si lile uliko sasa.